Nzuri, Ila

Samaki wa tatu alikufa Jumanne.
Nilimkuta ameegemea chujio kama mtu aliyesinzia kituoni,
mimi nikitoka zamu ya usiku, viatu bado miguuni.
Nikapima maji tena. Nitrati: sifuri.
Manjano safi, kama ilivyokuwa Jumapili,
kama siku walipokufa wale wawili.

Sifuri, na samaki wanakufa!
Nikakitupa kisanduku cha vipimo juu ya friji,
nikasema basi, pauni ishirini na nane zimekwenda na maji.

Bwana Pargeter wa ghorofa ya chini
alikagua rangi za magari hapa Luton miaka thelathini na moja;
mlango mwekundu ukikosana na boneti yake
yeye alijua kabla hawajaviunga.
Alipanda ngazi polepole, mkono kiunoni,
akakishusha kisanduku. Hakunipa pole ya samaki.
Akageuza chupa, akatafuta tarehe: bado miezi saba.
"Hii ya pili uliitikisa?"
Niliitikisa.
"Vipi?"
Nikamwonyesha, mara mbili tatu, kama anayenyunyiza chumvi.
Akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe dawa yenyewe hulala chini ya chupa,
imeganda huko kama uji uliosahauliwa.
Usipoiamsha, linalodondoka ni tone lenye adabu tu:
habari? nzuri.
Nusu dakika, kwa nguvu, uigongegonge mezani.
Kisha neli nayo, dakika nzima, mpaka bega liume.
Chupa isimame wima unapodondosha,
ukiilaza, tone moja litakuwa kubwa na jingine dogo.
Maji hubonyea katikati; yasome pale bondeni,
jicho likiwa sawa nayo, si kwenye kingo zinazopanda kioo.
Neli uisuuze kwa maji ya tangi lenyewe,
maana bomba la Luton lina mambo yake,
tazama birika langu lilivyoota chokaa.
Halafu ungoje. Dakika tano. Si nne.

Nikaipeleka neli chini ya taa ya jikoni.
"Siyo hapo."
Akanishika kiwiko mpaka dirishani,
karatasi nyeupe nyuma ya kioo.
"Chini ya taa ya manjano kila kitu ni manjano."

Saa nne asubuhi, wingu limetanda juu ya mapaa,
mwanga hauna upande.
Dakika ya pili, manjano. Ya tatu, chungwa.
Ya nne, papai lililopasuliwa.
Ya tano, juisi ya rosela.
Themanini. Huenda mia.
Tukapima na ya bomba, tujue tunaanzia wapi:
thelathini, kabla samaki hajanya hata mara moja.
Nikaandika daftarini tarehe, saa, na nani kasoma.
Hilo la mwisho alilidai yeye.

Jioni Mwantumu akapiga kutoka Muheza, kama kila Jumanne.
Habari za huko? Nzuri.
Mtoto? Hajambo.
Kazi? Nzuri, tunamshukuru Mungu.
Nami nikamrudishia maswali yaleyale,
naye akanirudishia majibu yaleyale,
manjano safi:
mama hajambo, mguu wa mama hajambo,
hata mvua haijambo.

Nilikuwa dirishani, neli tupu mkononi, nje giza.
Nikasema, dada, usikate kwanza. Huo mguu.
Nzuri, anaendelea.
Anaendelea vipi?
Nikanyamaza. Salio na liliwe.
Nikaangalia saa ya ukutani.

Dakika ya pili akauliza kama nipo.
Nipo.
Ya tatu nikasikia anafunga mlango wa chumba,
ndala zikiburuta sakafuni, kitanda kikilia anapokaa.
"Nzuri," akasema, "ila